Kabla ya Kupunguza Chumvi: Mwongozo wa Kudunga Maji ya Chumvi Kidogo Kwenye Miamba ya Mafuta

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeko kwenye maabara ya mafuta, idara ya ufundi ya kampuni, ofisi ya mamlaka ya udhibiti, au mwaka wa mwisho wa uhandisi wa petroli. Siku moja faili litaletwa mezani kwako likiwa na pendekezo la kupunguza chumvi kwenye maji yanayodungwa ili mapipa yaongezeke. Pendekezo hilo linaweza kuwa kweli. Linaweza pia kujenga mtambo wa mamilioni ya dola usioongeza hata pipa moja. Jibu limo ndani ya mwamba, na unaweza kulipata mapema kwa gharama ndogo, mradi uanze na vipimo vya bei rahisi na usiruke hatua.

Jambo moja kwanza kwa wasomaji wa Tanzania: visima vya Songo Songo na Mnazi Bay ni vya gesi, na mbinu hii haivihusu. Maji yakiingia kwenye mwamba wa gesi huifungia gesi humo ndani. Hapa tunazungumzia mafuta ghafi.

KWA NINI CHUMVI IPUNGUZWE

Shinikizo la asili la mwamba likishuka, maji hudungwa kupitia visima maalumu ili kulirudisha na kuyasukuma mafuta kuelekea visima vya uzalishaji. Baharini hutumika maji ya bahari, yenye chumvi takribani miligramu 35,000 kwa lita. Nchi kavu mara nyingi hurudishwa yaleyale yanayopanda pamoja na mafuta. Hata baada ya miaka mingi ya kudunga, ni kawaida zaidi ya nusu ya mafuta kubaki chini. Mengine yamebaki kwa sababu maji hayakuyafikia. Mengine maji yamepita palepale yalipo, lakini yameng'ang'ania kuta za vinyweleo vya mwamba.

Haya yaliyong'ang'ania ndiyo tunayoyalenga. Mafuta ghafi yana asidi na besi za asili ambazo hupenda kushikamana na vitu vyenye chaji. Punje za mchanga nazo zimepakwa udongo wa mfinyanzi wenye chaji hasi. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye maji ya asili ya mwamba hukaa katikati kama daraja, upande huu zimeshika mfinyanzi, upande ule zimeshika asidi za mafuta. Maji yenye chumvi kidogo yakifika hapo, tabaka la ioni linalouzunguka mfinyanzi hutanuka na kusukuma tone mbali na ukuta. Wakati huohuo ioni hubadilishana nafasi na madaraja hukatika. Ukuta uliokuwa ukipenda mafuta huanza kupenda maji, na tone huachia.

George Bernard alionyesha mwaka 1967 kwamba maji yenye chumvi kidogo huongeza mafuta kwenye vipande vya mwamba vyenye mfinyanzi. Katika miaka ya 1990, Guoqing Tang na Norman Morrow wa Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, waliyafafanua masharti yake. Walipotumia mafuta yaliyosafishwa badala ya mafuta ghafi, faida ilitoweka. Walipouchoma mwamba kwa joto kali hadi mfinyanzi ukatulia, ilitoweka vilevile. Kwa hiyo kwenye mwamba wa mchanga unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: mfinyanzi, mafuta ghafi yenye asidi au besi, na maji ya asili yaliyomo ndani ya mwamba tangu mwanzo. Kikikosekana kimoja, usitarajie chochote.

Wataalamu bado wanabishana ni njia ipi, kutanuka kwa tabaka la ioni au kubadilishana kwa ioni, inayofanya kazi kubwa zaidi. Ubishi huo una maana kwako: hakuna fomula unayoweza kuijaza namba ikakupa jibu. Utapima.

SANDUKU: MIAMBA MITATU, MAJIBU MATATU

Endicott, Alaska. Kampuni ya BP ilidunga maji ya chumvi kidogo kwenye kisima kimoja na kuangalia kisima cha uzalishaji kilicho umbali wa takribani futi 1,000. Mei 2009, baada ya miezi mitatu, mafuta yaliongezeka na kiwango cha maji kwenye kisima hicho kikashuka kutoka asilimia 95 hadi 92. Ongezeko lilifika wakati uleule maji mapya yalipoanza kutokea upande wa pili, na huo ndio ushahidi wenye nguvu.

Snorre, Norway. Hapa pia ni mwamba wa mchanga wenye mfinyanzi. Jaribio la kisimani halikuonyesha badiliko la maana kwenye mafuta yaliyobaki. Maji ya bahari yalikuwa yanafanya kazi nzuri tayari, kwa sababu hali ya kuta za mwamba ilikuwa karibu na ile bora.

Clair Ridge, magharibi ya visiwa vya Shetland, Uingereza. Huu ni mradi mkubwa wa kwanza baharini kujengwa ukiwa na mbinu hii tangu siku ya kwanza. Mafuta ya kwanza yalitoka Novemba 2018, na BP ilitangaza matarajio ya hadi mapipa milioni 40 ya ziada katika uhai wote wa mradi.

Anayekuletea Endicott peke yake mezani, muulize kuhusu Snorre.

HATUA YA 1: YAJUE MAJI YA ASILI YA MWAMBA

Usianze na maji unayotaka kudunga. Anza na yaliyomo ndani, maana faida inatokana na tofauti kati ya hayo mawili. Kama maji ya asili yana chumvi nyingi na ya kudunga yana chini ya miligramu 5,000 kwa lita, kuna la kutafuta. Majaribio mengi hufanywa kati ya 1,000 na 2,000. Lakini kama mwamba wenyewe una maji mepesi, yaani yenye chumvi kidogo, tayari, huenda kubadilisha maji kusikupe kitu.

Hili ni zito kwetu Afrika Mashariki kuliko kwa watu wa Shetland. Mafuta ya bonde la Albert nchini Uganda na ya Lokichar Kusini katika Turkana, Kenya, yamo kwenye miamba iliyotokana na mashapo ya mito na maziwa ya Bonde la Ufa. Usidhani kwamba maji yake ya asili yana chumvi ya bahari. Dai takwimu za kila tabaka.

Maji yetu ya kudunga nayo ni tofauti. Mradi wa Tilenga nchini Uganda ulipangwa kuchota maji Ziwa Albert, na mpango wa Lokichar Kusini ulitazama bwawa la Turkwel. Hayo ni maji baridi. Mwenzako wa baharini anahangaika jinsi ya kuondoa chumvi, ilhali wewe swali lako huenda likawa kinyume chake: je, maji haya ni mepesi kupita kiasi kwa mwamba huu? Tutalirudia kwenye hatua ya 4, kwa kuwa nadhani ndilo swali kubwa kuliko yote kwa miamba yetu.

Unapopokea sampuli ya maji:

1. Uliza ilichukuliwa lini na kutoka tabaka gani. Sampuli ya wakati wa kuchoronga mara nyingi imechanganyika na maji ya tope la kuchorongea.
2. Dai ioni zote: sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, bariamu, strontiamu, kloraidi, salfeti na bikaboneti. Jumla ya chumvi peke yake haitoshi.
3. Asidi ya maji na bikaboneti zipimwe palepale kisimani. Chupa ikifika mjini, gesi ya kaboni imeshatoroka na namba zimebadilika.

Ukitaka kuona kwa nini jumla ya chumvi hudanganya, tazama Ziwa Turkana. Chumvi yake ni takribani gramu 2.5 kwa lita, namba inayovutia kwa mtu anayetafuta maji ya chumvi kidogo karibu na visima. Lakini ni maji ya magadi, yamejaa sodiamu na bikaboneti. Yakikutana na kalsiamu ya mwamba yanaweza kutengeneza ukoko wa chokaa ndani ya vinyweleo na mabomba. Namba ni nzuri, maji ni hatari.

HATUA YA 2: UJUE MFINYANZI, YAJUE MAFUTA

Peleka vipande vya mwamba kwenye kipimo cha miale ya eksirei kitakachotaja aina za mfinyanzi na asilimia zake, kisha uviangalie kwa hadubini ya elektroni uone mfinyanzi umekaa wapi. Uliojificha katikati ya punje haukutani na mafuta. Uliopaka kuta za vinyweleo ndio unaohusika. Kaolini na ilaiti ndizo hutajwa sana kwenye mafanikio. Smektaiti ni onyo, kwani huvimba ikinywa maji baridi.

Kwa mafuta, dai kipimo cha asidi na cha besi. Yakiwa yote karibu na sifuri, simama hapo na uandike hivyo.

Miamba ya chokaa ina mambo yake. Kinachotenda kazi humo si mfinyanzi, na salfeti, kalsiamu na magnesiamu zina kazi zake. Saudi Aramco walijaribu kudunga maji ya bahari yaliyozimuliwa kwenye visima vya miamba hiyo, na mwaka 2012 walieleza kwamba mafuta yaliyobaki yalipungua kwa takribani asilimia 7 ya ujazo wa vinyweleo. Kama unafanya kazi Ghuba, huko ndiko kwa kuanzia. Hatua zinazofuata hapa ni za miamba ya mchanga.

HATUA YA 3: JARIBIO LA KORE

Kore ni kipande cha mviringo cha mwamba kilichokatwa kwa keekee maalumu. Ubora wa pendekezo lote unategemea kazi hii, na hapa ndipo uharaka huharibu mambo.

1. Safisha kore kwa viyeyushi visivyoharibu mfinyanzi, na uikaushe kwa joto la chini. Tanuri kali huua kile unachotaka kukipima.
2. Ijaze maji yenye ioni zilezile za maji ya asili, kisha ingiza mafuta ghafi ya kisima hichohicho.
3. Iache ikae kwenye joto la mwamba kwa wiki kadhaa, ili mafuta yashikane na kuta kama yalivyo chini.
4. Dunga maji yanayotumika sasa hadi mafuta yakome kutoka.
5. Ongeza kasi ya maji hayohayo. Mafuta yakitoka tena, yalikuwa yamekwama mwishoni mwa kore kwa sababu za maabara tu. Endelea hadi yakome kabisa.
6. Rudisha kasi ya awali, badilisha kwenda maji ya chumvi kidogo. Pima mafuta, shinikizo, asidi na ioni za maji yanayotoka.
7. Tumia kore nyingine ya tabaka hilohilo kudunga maji ya chumvi kidogo tangu mwanzo. Mara nyingi huko faida huwa kubwa zaidi, na mradi mpya utaanza hivyo.

Hatua ndogo ya 5 ndiyo inayorukwa sana. Ukiiruka, mafuta yatakayotoka baadaye utayahesabu kuwa ni kazi ya maji mapya.

Angalia pia ukubwa wa kitu unachokipima. Kore ya kipenyo cha inchi 1.5 na urefu wa inchi 3, yenye vinyweleo asilimia 20, hubeba takribani mililita 17 za vimiminika. Ukikosea kusoma bomba la kupimia kwa nusu mililita, umekosea kwa asilimia 3 ya ujazo wa vinyweleo. Kuna miradi mizima imejengewa hoja juu ya faida ya ukubwa huohuo. Basi tumia kore ndefu au unganisha kadhaa, na rudia jaribio kabla hujaliamini. Matokeo ya kore moja hayapelekwi kwenye kikao.

HATUA YA 4: PIMA MADHARA

Chumvi huufunga mfinyanzi mahali pake. Ukiipunguza mno, chembechembe za mfinyanzi hubanduka, husafiri na maji, na kuziba njia nyembamba mbele yake. Kwa mwamba maarufu wa Berea, maabara zilionyesha kwamba kushusha chumvi ya mezani ghafla chini ya takribani miligramu 4,000 kwa lita huweza kuufunga mwamba karibu wote. Kalsiamu kidogo kwenye maji huulinda.

Kwa hiyo shusha chumvi kwa ngazi: 10,000, kisha 5,000, 2,000, 1,000, na mwisho maji halisi ya ziwa au bwawa lenu. Kila ngazi subiri shinikizo litulie. Shinikizo likipanda lisishuke, au maji yanayotoka yakiwa na mawingu, ngazi iliyotangulia ndiyo mpaka wako.

Ikiwa maji ya chanzo chenu yako chini ya mpaka huo, suluhisho lipo. Yachanganye na maji yanayopanda na mafuta, au yaongezewe kalsiamu kwa kipimo. Lakini mchanganyiko mpya nao urudi kwenye kore, na upimwe kama unaleta ukoko wa chokaa au wa bariamu.

TAHADHARI: Usikubali hoja kwamba kuziba huko kunasaidia kuyaelekeza maji kwenye sehemu nyingine. Huenda kukatokea, lakini huwezi kuudhibiti uzibaji huo, na kisima cha kudungia kilichoziba karibu na mdomo wake ni gharama kukifungua.

HATUA YA 5: JARIBU KISIMA KIMOJA

Kore ikikubali, nenda kisimani. Jaribio la kifuatilizi kwenye kisima kimoja hupima mafuta yaliyobaki ndani ya mita chache kuzunguka kisima, kabla na baada ya maji mapya.

Linaendeshwa hivi. Unadunga maji yenye esta, kwa kawaida ethili asetati, kisha maji matupu ya kuisukuma. Unafunga kisima kwa siku kadhaa. Sehemu ya esta hugeuka ethanoli humo ndani. Unafungua na kuchukua sampuli mfululizo kadiri maji yanavyorudi. Ethanoli hukaa kwenye maji tu, kwa hiyo hufika mapema. Esta iliyosalia huyeyuka pia kwenye mafuta, basi huchelewa. Kadiri pengo kati yao linavyokuwa kubwa, ndivyo mafuta yaliyobaki yalivyo mengi. Fanya kwanza kwa maji ya sasa, kisha baada ya maji ya chumvi kidogo. Pengo likipungua, mafuta yamehama.

Makosa ya kawaida ni kuchagua kisima ambacho bado kina mafuta yanayotembea, kuacha saa nyingi kati ya sampuli, na kudunga maji ya chumvi kidogo machache mno kiasi kwamba yanachanganyika na ya asili kabla hayajafanya kazi.

Ukishamaliza hapo, jaribio la visima viwili kama la Endicott ndilo litakaloonyesha kama mafuta yaliyoachia yanasafiri hadi upande wa pili. Weka kifuatilizi kwenye maji ya kudunga ili ujue siku yanapofika.

HATUA YA 6: MAJI, MTAMBO NA WATU

Huhitaji kudunga maji haya milele. Donge la maji ya chumvi kidogo la takribani asilimia 40 ya ujazo wa vinyweleo, likisukumwa na maji ya kawaida, limeonekana kutosha mahali pengine. Dogo zaidi huchanganyika na maji ya asili likapotea njiani. Eneo lenye vinyweleo vya mapipa milioni 10 litahitaji mapipa milioni 4, na ukidunga mapipa 10,000 kwa siku ni siku 400.

Kama chanzo ni bahari, mtambo huunganisha tando za kuondoa chumvi na tando za kuondoa salfeti, kisha maji huchanganywa kufikia kipimo. Kushuka kwa salfeti kuna faida ya pembeni: bakteria wanaoitumia hukosa chakula, gesi ya sumu ya haidrojeni salfaidi hupungua, na ukoko wa bariamu hupungua. Kwa wanaopanga kutumia polima baadaye, maji mepesi huhitaji polima kidogo kufikia mnato uleule. Chanzo chochote kile, maji yachujwe na oksijeni iondolewe, la sivyo mabomba yataliwa na kutu.

Hesabu vilevile miaka ijayo. Maji yanayopanda na mafuta yataongezeka mwaka hadi mwaka, na yanapaswa kurudishwa chini. Kila mwaka mchanganyiko wako utabadilika, na nafasi ya kudunga maji ya ziwa itapungua. Makadirio yanayodhani maji ya aina moja kwa miaka 20 yarudishwe kwa aliyeyaandika.

Kisha kuna jambo lisiloonekana kwenye kore. Turkana watu na mifugo hutembea mwendo mrefu kutafuta maji, na kando ya Ziwa Albert kuna vijiji vya wavuvi. Pendekezo linalochota maji baridi lieleze kwa mita za ujazo kwa siku kiasi kitakachochotwa, nani mwingine anategemea chanzo hicho, kibali kinasema nini, na msimu wa kiangazi uchotaji utapunguzwaje. Nisingesaini pendekezo lisilo na ukurasa huo, hata mapipa ya ziada yawe mengi namna gani.

ORODHA YA KUINGIA NAYO KWENYE KIKAO

[ ] Uchambuzi kamili wa maji ya asili, kwa kila tabaka
[ ] Uchambuzi wa maji ya chanzo, masika na kiangazi
[ ] Aina za mfinyanzi na mahali ulipo kwenye vinyweleo
[ ] Vipimo vya asidi na besi vya mafuta yenyewe
[ ] Kore zaidi ya moja, zenye matokeo ya kuongeza kasi kabla ya kubadilisha maji
[ ] Kiwango cha chumvi ambacho mwamba huanza kuziba
[ ] Makadirio ya ukoko kwa kila mchanganyiko utakaotumika
[ ] Jaribio la kisima kimoja, kabla na baada
[ ] Ukubwa wa donge na siku za kulidunga
[ ] Kibali cha maji na mpango wa kiangazi

Mradi ukiidhinishwa, kabla ya siku ya kwanza ya kudunga kusanya miezi kadhaa ya rekodi za kiwango cha maji, mafuta na ioni kwa kila kisima cha uzalishaji. Baada ya hapo chukua sampuli kila wiki, na kila siku kadiri muda wa maji mapya kufika unavyokaribia. Ongezeko la mafuta likija bila chumvi ya maji kushuka, tafuta sababu nyingine: pampu iliyobadilishwa, kisima jirani kilichofungwa, au mita iliyorekebishwa.